Mkasi Ulifuata Mshono

Mimi ni fundi, kwa hiyo naanza na nguo.
Gauni lilikuwa la kitenge cha kijani, kola ya duara, zipu ubavuni,
nililishona mwaka wa mavuno mabaya,
mwaka ambao wateja walileta viraka tu.
Ndilo nililolililia kwanza
walipotuokota njia ya Hombolo, mimi na kijana wa bodaboda,
mvua ya Januari imegeuza udongo kuwa sabuni,
na sare za shule, za watoto wa watu,
zimetapakaa korongoni, mikono juu.

Pumzi ilikuwa inaingia nusu.
Nusu nyingine inagonga ubavu wa kulia, inarudi.

Chumba cha dharura, Dodoma mjini, saa nne usiku.
Nilitafuta kadi ya bima kwenye sidiria, vidole havikunitii.
"Iache, mama. Karatasi haina haraka. Wewe ndiye mwenye haraka."
Kisha akainama mpaka nikauona uso wake wote,
akanisalimu, katikati ya vurugu ile, kama tumekutana kisimani:
"Mbukwa."
Nikaitikia.
Nani huitikia salamu huku anakufa?
Niliitikia, basi nikajua bado nipo.

Sechelela, kilisema kibandiko kifuani.
Mfuko wa sare yake ulikuwa umefumuka kona moja,
kalamu inadondoka, anaiokota, inadondoka.
Nililiona hilo. Mbavu zimevunjika, jicho la fundi halijavunjika.

Akashika mkasi. Nikatoa neno langu pekee lililotoka zima:
"Usikate."

Angeweza kukata.
Nimeona watu wakiharibu kitambaa kwa haraka ndogo kuliko ile,
haraka ya kipaimara, haraka ya sendofu.
Yeye alipapasa chini ya kwapa kwa kidole gumba,
akaupata mshono,
na mkasi ukafuata mshono,
tr, tr, tr, uzi kwa uzi hadi kiunoni.
Kitambaa hakikupata jeraha.
"Utalishona tena," alisema.
Hakusema *ukipona*.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya zamu ya pili.
"Kuna hewa imejibanza mahali si pake.
Nitaitobolea mlango hapa, kati ya mbavu. Ganzi kwanza.
Halafu itauma. Sikudanganyi."
Iliuma.
Nilimfinya Sechelela mkono mpaka pete yake ikaniachia alama,
naye akahema pamoja na mimi, polepole,
kama anayemfundisha mtoto kukanyaga cherehani:
kisigino, kidole. Kisigino, kidole.
Hewa ikaingia. Nzima. Hadi chini.
Sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

"Na yule kijana?"
"Madinda? Kitanda cha tatu, mguu. Na yeye anakuulizia."

Alfajiri nikakuta kiroba chini ya kitanda:
sare zenye matope, zimekunjwa,
na kipande cha karatasi kimeandikwa 31.
Nilitoka nyumbani na thelathini na mbili.
Sijui nani aliyezihesabu.
Sijui nani ana muda wa kuhesabu sketi usiku kama ule.

Mwezi wa tatu nilirudi na sindano.
Hakunikumbuka.
Nikamtajia kijani, korongo, mkasi;
alitabasamu kwa adabu, kama ninavyotabasamu mimi
mteja akisema, "Mimi ni yule wa suruali."
Sikuumia. Nikamwonyesha mfuko, bado vilevile.
"Wanasema nguo haishonwi mwilini, inaleta mkosi."
"Wewe simama tu."

Nilikuwa nimefika tundu la nne
mlango uliposukumwa, machela, mwanamume mzima anamwita mama yake.
Nilichomoa sindano kwa kuwahi.
Akaenda.
Uzi sikuukata:
mweupe, urefu wa shubiri,
unamfuata.